Jiko la Kuchomea: Dogo la Wawili au Pipa la Ukoo Mzima?

Kiangazi cha Kigoma hakihitaji kutangazwa. Mvua zikishakata mwezi Mei, majani ya milimani yanaanza kukauka, anga inatakata, na kila Ijumaa jioni simu zinaanza kuita: "Wikiendi hii mko wapi?" Kuanzia hapo mpaka Septemba ni msimu wa mitoko. Wapo wanaokwenda Jakobsen, wapo wanaoteremka Katonga au Bangwe, na wapo wanaobaki zao nyumbani Mwanga au Ujiji na kupanga viti chini ya mwembe. Popote pale, kitu kimoja hakikosekani: moto, na kitu kitamu kinachochomwa juu yake.

Na hapo ndipo penye mtihani. Watu wawili wanaopendana, kila mmoja na kazi yake, wanaweza kukubaliana kuhusu kiwanja, ada ya mtoto, hata wakwe, halafu wakanuniana wiki nzima kwa sababu ya jiko la kuchomea. Unacheka? Subiri yakufike.

Kwetu mjadala ulichukua karibu mwezi mzima. Mume wangu alitaka pipa, lile la kukatwa nusu, lenye miguu, la kuchoma mbuzi mzima. Mimi nilitaka dogo la kutia kwenye buti la gari na kuondoka. "Mke wangu, sisi hatuli peke yetu," aliniambia. Nami nikamjibu, "Sawa baba, lakini nani atalibeba?" Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake kwa maneno. Kilichotuokoa ni hesabu. Tulikaa na kalenda tukakumbuka mitoko yote ya mwaka uliopita. Mara kumi na moja tulikuwa kati ya watu wawili na sita. Mara tatu tu tulizidi ishirini: Sikukuu ya Idi, arobaini ya mtoto wa wifi yangu, na siku ya kumuaga jirani aliyehamishwa kikazi.

Basi huo ndio ushauri wangu mkubwa kuliko mwingine wowote utakaousoma hapa: jiko lichaguliwe kwa kalenda, si kwa macho. Dukani au kwa fundi kila jiko linapendeza. Chukua mfano tu. Jiko la shilingi 120,000 mkilitumia mara nne kwa mwaka, kila mtoko umewagharimu 30,000 kabla hamjanunua hata kitunguu. La 60,000 likitumika mara ishirini, kila mtoko ni 3,000. Sasa niambie, la bei rahisi ni lipi?

Maswali manne ya kujiuliza

Kabla hamjatoa mshiko, kaeni wawili mjibu maswali haya. Msijibu mnavyotamani kuishi, jibuni mnavyoishi.

Kwanza, mnakula na wangapi mara nyingi? Pili, mnakwenda wapi na kwa usafiri gani? Mwenye gari ana jibu lake, na anayepanda bajaji au boti ana la kwake. Tatu, mnachoma nini? Mishikaki inataka jiko jembamba na la karibu na makaa, samaki mzima anataka nafasi, na kuku anataka moto wa taratibu. Nne, na hili wengi wanaliruka: nani atasimama motoni? Nitalirudia hilo mbele kidogo, maana lina uzito wake.

Lipi linamfaa nani

Tuanze na la bei nafuu kuliko yote: mawe matatu na wavu. Mtu anayekwenda ufukweni mara moja moja hana sababu ya kununua jiko. Beba wavu imara, koleo na mkaa kwenye mfuko, basi. Kasoro yake ni upepo, na kwamba unachoma umeinama mpaka mgongo unalia. Epuka pia mawe yaliyotoka majini. Jiwe lenye unyevu ndani likipata moto mkali linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Linalofuata ni ringi ya gari. Mafundi wengi wanaichomelea miguu mitatu na kuweka wavu juu. Chuma chake ni kinene, kinatunza joto na hakiozi upesi. Linawatosha watu watatu au wanne wanaokula mishikaki na ndizi. Lakini ni zito kuliko linavyoonekana, na mgebuka mzima, ambaye mara nyingi anavuka sentimita 30, atabaki na kichwa au mkia nje.

Tatu ni jiko la boksi, lililotengenezwa kwa bati nene, lenye miguu ya kukunja. Hili ndilo rafiki wa wapenzi wawili na marafiki zao. Wavu wa sentimita 30 kwa 45 unawatosha watu wanne mpaka sita, na ukikunja miguu linaingia kwenye buti pamoja na mkeka na boksi la vinywaji.

Nne ni pipa lenyewe. Pipa la lita 200 lina urefu wa karibu sentimita 88, kwa hiyo nusu yake ni uwanja wa kutosha kuchoma kuku, ndizi na samaki kwa wakati mmoja. Kwa shughuli ya watu ishirini na kuendelea halina mpinzani. Ila ukubwa wake ndio gharama yake. Ukialika watu wanne bado inabidi utandaze mkaa wa kutosha, na kulihamisha kunahitaji pikapu na vijana wawili wenye nguvu. Pipa ni la kukaa uani, si la kusafiri nalo.

Tano ni la gesi. Wengi siku hizi tuna mtungi wa kilo 6 jikoni, na yapo majiko ya kuchomea yanayotumia gesi. Halina moshi mwingi, linawaka papo hapo, na mnaorudi kazini saa kumi na mbili jioni mnaweza kula saa moja. Kabla ya kuwasha, paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio. Ukiona mapovu yanatutumka, gesi inavuja. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwa hiyo usiweke mtungi shimoni au kwenye kona isiyopitisha hewa. Safarini usimame wima, na usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Kasoro ya gesi? Wapenzi wa nyama choma watakwambia harufu ya mkaa haipo. Sibishani nao.

Upepo wa ziwa si wa kuchezea

Jiko linalofanya vizuri Dodoma linaweza kukuabisha Kigoma. Miezi hii ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika, na ufukweni mchana mara nyingi unatoka majini kuja nchi kavu. Usiku ukiingia unaweza kugeuka. Jiko la wazi lisilo na kingo linakula mkaa kama mwendawazimu, na majivu yanaruka mpaka kwenye kachumbari.

Tatizo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1952, Mmarekani George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers huko Chicago, alichoka na upepo uliokuwa ukimharibia nyama. Kiwandani walikuwa wakitengeneza maboya ya chuma ya kuelea majini. Akachukua boya, akalikata katikati, nusu ya chini ikawa jiko na nusu ya juu ikawa kifuniko. Ndipo lilipozaliwa lile jiko la duara lenye mfuniko unaloliona kwenye sinema.

Funzo kwetu si kununua la Marekani. Ni kwamba kifuniko chenye tundu la kufungua na kufunga kinakupa usukani wa moto. Ukifungua hewa, moto unapanda. Ukibana, unashuka. Kuku anaiva mpaka mfupani bila kuungua nje. Na mkimaliza, mnafunga kila tundu, mkaa unakosa hewa na kuzimika, na uliobaki mnautumia wiki ijayo. Kwa bei ya mkaa ya siku hizi, na kwa jinsi miti inavyokatwa kuupata, hilo si jambo dogo. Fundi wa hapa anaweza kukutengenezea mfuniko wa bawaba bila shida.

Kama jiko lako halina mfuniko, hakikisha kingo zake zimepanda angalau sentimita 10 juu ya makaa, na ligeuze ubavu uelekee upepo. Viti vipangwe upande unakotoka upepo, wageni wasilie kwa moshi.

Ziwa likipumzishwa, unachoma nini?

Kwa mgeni, kuchoma Kigoma maana yake ni samaki. Na kweli, nani atakataa mgebuka, yule ambaye jirani zetu Warundi wanamwita mukeke? Au kuhe mnene wa minofu? Lakini mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Tazama tarehe hizo vizuri. Ndio msimu wenyewe wa mitoko!

Kwa hiyo uliza kwanza kama ziwa limefunguliwa kabla ya kumwahidi mtu samaki, na usinunue jiko linalojua kazi moja tu. Jiko zuri la Kigoma lichome samaki mwezi wa tisa, na mwezi wa sita likubali kuku, mbuzi, mahindi, ndizi na muhogo. Njia rahisi ni kuwa na nyavu mbili: moja ya kawaida ya nyama, na nyingine ya kubana, ile yenye mikono miwili, ya kumfungia samaki ndani. Samaki wa kwenye wavu wa kubana unamgeuza mzima, habanduki ngozi wala hamwagiki vipande kwenye makaa.

Na siku samaki wakipatikana, fanya hivi. Osha mgebuka, mchanje ubavuni, mpake chumvi (ya Uvinza ukiipata, ni ya kwetu tangu enzi za misafara), ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Acha dakika 20. Paka mawese kidogo tu, kwa sababu mgebuka mwenyewe ana mafuta, na mafuta yakidondoka kwenye makaa ndimi za moto zinapanda. Ndiyo maana unatandaza makaa upande mmoja wa jiko na kuacha upande mwingine mtupu. Moto ukipanda, unamsogeza samaki pembeni bila papara. Hesabu karibu dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za unene, ukimgeuza mara moja. Ugali wa muhogo pembeni, kachumbari, na mazungumzo yataendelea yenyewe.

Utajuaje makaa yako tayari? Subiri yavikwe majivu meupe. Kisha weka kiganja juu, usawa wa wavu kwa tahadhari, na uhesabu. Ukiweza kuvumilia sekunde mbili tu, moto ni mkali, wa mishikaki. Nne au tano, ni wa kati, wa samaki na kuku.

Ukimwendea fundi

Jiko letu tulimtengenezesha fundi wa kuchomelea vyuma. Faida ya fundi ni kwamba anatengeneza kwa kipimo chako, na likivunjika unajua pa kulipeleka. Lakini nenda na orodha.

Uliza pipa au bati limetoka wapi. Pipa lililobeba dawa za mashambani au kemikali nyingine usilikubali hata kwa bure. Lililobeba mafuta ya kula ni salama zaidi. Na pipa lililokuwa na petroli au dizeli likikatwa kwa moto kabla halijasafishwa vizuri linaweza kulipuka. Hilo mwachie fundi anayejua anachofanya, na wewe usisimame karibu.

Wavu usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, ule mweupe wa uzio na mabanda ya kuku. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye madhara. Taka wavu wa nondo nyembamba zisizopakwa kitu, au chuma cha pua kama mfuko unaruhusu. Ndani pasipakwe rangi. Wavu uwe na ngazi mbili, mmoja sentimita 10 hivi kutoka kwenye makaa na mwingine 15. Chini pawe na matundu ya hewa na trei ya majivu inayochomoka. Mikono ya kushikia iwe ya mbao. Na miguu ifikishe wavu usawa wa kiuno cha yule atakayechoma.

Hapo kwenye kiuno fundi alituuliza, "Kiuno cha nani?" Tukaangaliana. Swali hilo ndilo linanileta kwenye jambo nililoahidi.

Nani anasimama motoni?

Tuseme ukweli, jamani. Kwenye shughuli nyingi, mwanaume akishika koleo anakuwa nyota wa siku. Washkaji wanamzunguka, soda mkononi, kila mtu anamsifu: "Shemeji, hii nyama ni balaa!" Sawa, anastahili. Lakini nani alikwenda sokoni saa moja asubuhi? Nani alimenya ndizi, akakatakata vitunguu, akaosha sahani za watu ishirini mara mbili? Mwenzake huyo mara nyingi anaonja nyama ikiwa imeshapoa.

Na upande mwingine upo. Ninao marafiki wa kiume wanaosema wamechoka kualika watu, kwa sababu tangu wageni wanafika mpaka wanaaga wao wako motoni, macho mekundu, hawajaketi hata dakika tano na wake zao. Mmoja aliniambia, "Mimi sherehe zangu nazionaga kwenye picha." Alisema kama utani, ila hakucheka.

Jiko linahusika vipi na hayo? Linahusika sana. Jiko kubwa linaita shughuli kubwa, na shughuli kubwa inataka mikono. Kama nyumba yenu ina mikono minne tu, nunueni jiko la mikono minne. Sisi mwishoni tuliagiza la boksi lenye mfuniko, na tukaongeza kitu ambacho kimetusaidia kuliko vyote: ubao wa kukunja ubavuni, upana wa sentimita 40. Juu yake ndipo zinapokatwa nyanya na kubanwa ndimu. Kazi ya jikoni imehamia uani, tunasimama pamoja, tunapokezana koleo, na anayechoma anasikia stori sawa na anayekata. Miguu ilikatwa kwa kiuno changu. Mume wangu anasema anainama kidogo, lakini si sana.

Na zile mara tatu za mwaka? Siku hizo tunaazima pipa la ukoo, na kila anayekuja anapewa kazi. Mawifi na mashemeji wanajua: huyu wa mkaa, yule wa vyombo, mwingine wa kugeuza nyama. Hakuna aliyekasirika mpaka leo. Watu wanapenda kuhusishwa.

Kabla hamjaondoka

Mambo machache ya kuzingatia, hasa kwa mnaolala ufukweni. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani, ndani ya hema au ndani ya gari, hata kama ni baridi ya Julai na makaa yanaonekana kuisha. Mkaa unaofifia bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Mkitaka joto, blanketi lipo, na mwenzako yupo.

Milima yetu msimu huu imejaa majani makavu, na cheche moja ikisukumwa na upepo inatosha kuleta balaa. Fagia mita mbili kuzunguka jiko, weka ndoo ya maji karibu. Mkimaliza, msifukie makaa mchangani. Mchanga unayatunza yakiwa ya moto kwa saa nyingi, na anayeyakanyaga ni mtoto wa mtu anayecheza kesho yake. Mwagieni maji, koroga, mwagieni tena mpaka ushike kwa mkono.

Jiko jipya liwasheni tupu kwa saa nzima kabla ya kuchoma chakula cha kwanza, ili mafuta ya kiwandani na uchafu wa kuchomelea viungue. Ufukwe ukiwa na mwenyewe, ulizia utaratibu wa moto kabla ya kuteremsha mizigo. Na mkipanda boti pale Kibirizi kwenda Gombe, hifadhi iliyo kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, jiko liacheni nyumbani mpaka mjue sheria zao. Kule nyani wanajua kufungua kikapu kuliko wewe.

Basi wikiendi hii, kabla hamjamwendea fundi, chukueni kalenda na kalamu. Hesabuni mitoko yenu ya mwaka uliopita, muandike idadi ya watu, na pembeni ya kila mmoja muandike nani alisimama motoni na nani aliosha vyombo. Orodha hiyo itawaambia jiko la kununua. Inaweza kuwaambia na mengine, kwa hiyo isomeni mkiwa mmeshiba.